Nyumba ya Yatima wa Bungu

Enyi majumbe watukufu, mashehe wenye baraka, waungwana wa Bungu, wakata mikoko mliopanda kutoka visiwani, akina mama mliojifunga kaniki, na wewe Sadala, mtani wangu tangu enzi za babu zetu, ambaye hukualikwa, asalaam aleikum! (Askari wanapiga makofi.)

Mimi Akida wenu, jicho la Serikali na sikio la Boma, nimesimama hapa, sasa vita vimekwisha na risasi hazikugeuka maji kama mlivyodanganywa, niwatangazie Kanuni ya Malezi, isemayo katika ibara ya kwanza kwamba mtoto mdogo hatatolewa kwao na kuwekwa katika nyumba ya Serikali maadamu yupo ndugu wa kumlea. (Bi Mwanamkuu: "Mie nipo! Nirudishie Zamda, mjukuu wangu!")

Tulia, mama. Ibara ya pili inafafanua kwamba ndugu ni mwenye chakula ghalani, na kwa kuwa maghala yenu tuliyachoma kwa utaratibu mzuri kabisa, ni dhahiri kisheria kwamba hapa hakuna mwenye ndugu. Ndiyo maana, kwa huruma zangu zisizo kifani, nimewaweka yatima wenu katika Nyumba yenye vitanda, mwalimu na uji wa maziwa, na hesabu za Boma zinaonyesha kwamba katika kila watoto kumi, kumi na mmoja wamenenepa! (Sadala: "Mtani, mlango wake unatazama wapi? Nataka kumpelekea Zamda mkeka.")

Mila ni mila, kwa mtani sikasiriki, nisije nikachekwa hadi Ngorongo. Mlango, ee, utatazama kibla, miti ya kuijengea ikishakatwa. (Zogo.) Kwa sasa wamo ghalani mwangu, wanachambua pamba yangu, nawalinda kama mali yangu mwenyewe! (Sadala anainuka: "Mali yako? Mali ya mtani huchukuliwa!" Anaingia ghalani.)

Askari, mkamateni! Hapana, mwacheni, mtani hakamatwi. Mtani, chukua kuku! Chukua mbuzi, basi! (Zamda anatoka akiwa amebebwa mgongoni na Sadala, nywele zimejaa pamba. Bi Mwanamkuu anamkumbatia, analia. Akina mama wanakimbilia ghalani: "Na sisi watani!")

Idumu Kanuni! (Akina mama wanatoka ghalani na watoto.) Idumu Nyumba ya Yatima! Nawashukuru nyote kwa kuja kuizindua. Ikishajengwa, mtawarudisha watoto. Askari, mbona na ninyi mnacheka?