Mashine Yako Inamkimbiza Mke Wangu

Kwa Meneja,
Duka la Redio, Televisheni na Vifaa Vyake,
Jengo la kona, ghorofa ya chini.

Ndugu Meneja,

YAH: DEKI TATU NA MKE MMOJA

Natumaini barua hii inakukuta mzima na biashara inasogea. Mimi si mgeni dukani kwako. Ni yule mzee wa fimbo ambaye mlinzi wako humfungulia milango yote miwili kana kwamba anaingiza jokofu. Nilikuwa fundi rangi wa nyumba mpaka siku ngazi iliponikataa, na tangu hapo mguu wangu wa kushoto hufika kila mahali baada yangu. Nilioa nikiwa nao hivyo hivyo. Nakueleza haya ili unitambue, si ili unihurumie.

Marehemu mke wangu alikuwa fundi cherehani. Mwaka jana alisafiri kwenda ng'ambo kwa binti yetu aliyekuwa amejifungua. Mimi nilibaki, kwa kuwa mguu huu na viwanja vya ndege havipatani. Huko mkwe wetu akampiga picha za video, akazitia kwenye diski, na mke wangu akarudi nayo ameiviringisha ndani ya blauzi. "Tutaitazama tukipata deki," alisema, akaiweka kwenye kopo la vifungo. Deki haikuwahi. Aliugua kwa muda mfupi, akatutoka.

Nyumbani nimebaki na dada yake mkubwa, yaani shemeji yangu. Macho yake yanaingia ukungu, na daktari ametuambia tusiyategemee sana. Ombi lake ni moja: amwone mdogo wake akitembea na kusema, wakati bado anaweza kuona. Kila asubuhi ananiita kutoka chumbani kwake, "Shemeji, bado?" Nami nimeapa sitamwonyesha kitu chenye kasoro, maana mtu anayetazama kwa mara ya mwisho haonyeshwi makosa. Ndiyo sababu ya malalamiko yafuatayo.

1. Deki ya kwanza ilimkataa. Niliitia diski, ikazunguka, ikaguna, kisha ikaandika kwenye kioo kwamba mfumo huu haukubaliki. Ndugu Meneja, mke wangu hakuwahi kukataliwa mlangoni pa mtu. Alikuwa akiingia kwenye harusi bila kadi na kutoka na sahani iliyofunikwa. Muuzaji wako mnayemwita Rimoti, kwa sababu anawaamrisha wenzake bila kuinuka kitini, alinieleza kwamba dunia imegawanywa. Kuna nchi ambazo picha zao hufuata mfumo wa PAL, kama sisi, na kuna zinazofuata NTSC, kama huko kwa mkwe wangu. "Si kosa la deki, mzee wangu," akasema. "Ni kosa la dunia." Nikauliza nani aliyeigawa. Akasema wataalamu. Nikauliza kama wataalamu hao wameoa. Akainuka, jambo ambalo wenzake walilishangaa, akaniletea deki nyingine.

2. Deki ya pili ilimpokea lakini ikampaka majivu. Hakuna rangi hata moja, na picha inapanda tu kama ndoo inayovutwa kisimani. Kichwa kikitokea juu, miguu inaingia kwa chini. Na gauni alilovaa siku hiyo alilishona mwenyewe kwa ajili ya safari, rangi ya chungwa lililoiva. Mimi kama fundi rangi niliombwa ushauri, nikamwambia linapiga kelele. Akanijibu, "Ndivyo ninavyotaka, wanisikie huko." Deki yako imelinyamazisha. Rimoti akasema televisheni yangu nayo inajua mfumo mmoja tu, kwa hiyo ama ninunue televisheni nyingine, ama nichukue deki inayobadilisha mfumo yenyewe kabla ya kuipelekea televisheni. Nikamuuliza, kumbe deki ya namna hiyo mlikuwa nayo tangu siku ya kwanza? Akasema, "Mzee, hukuuliza." Ndugu Meneja, mtu akija hospitali anakohoa, ndiye anayetakiwa kuitaja dawa?

3. Deki ya tatu, ambayo sanduku lake limeandikwa kwamba inasoma mifumo yote, ilileta rangi. Nakiri. Gauni lilipiga kelele mpaka nikafunga dirisha. Lakini picha ilikuwa imemkalia mke wangu kichwani, akawa mfupi na mpana, yeye aliyekuwa akitundika mapazia bila stuli. Rimoti alikuja nyumbani mwenyewe, akaingia kwenye mipangilio ya deki, akaanza kumrefusha. Kila akimvuta kidogo ananiuliza, "Hapo, mzee?" Nasema bado. "Hapo?" Umezidisha. "Hapo?" Hapo. Kazi ilikuwa nzuri na nashukuru. Nalalamika tu kwamba sikuandaliwa kumpima mke wangu kwa macho namna ile mbele ya mtu baki.

4. Sasa tufike kwenye kubwa. Deki hii inamkimbiza. Mke wangu anatokea mbali, kwenye kona ya barabara ya huko, anasukuma kigari cha mjukuu wetu kando ya njia. Kabla sijakaa sawa kwenye kiti ameshafika mbele, ameshasema, "Zima hicho kidude, mkwe, sijachana nywele!" na ameshapita. Ndugu Meneja, mke wangu hakuwa mtu wa haraka. Nimetembea naye kwenda sokoni, hospitali, misibani na kwa majirani, na siku zote alikuwa hapa, chini ya bega langu la kushoto, hatua yake na yangu. Watu walikuwa wakitupita na kututania, "Nyie mnahesabu mawe?" Kuhusu mwendo wa yule mama, shahidi ni mimi.

Rimoti aliitazama picha akasema kasi ni sawa. Akanionyesha gari linalopita nyuma yake. "Ona mzee, gari linakwenda kama gari." Nikamjibu kwamba sijui magari ya huko yana tabia gani. Akanionyesha mbwa. Nikamwambia huyo mbwa naye ni wa mfumo wa pili. Akabonyeza kitufe cha mwendo wa pole, na kweli mke wangu akaanza kutembea taratibu kama ninavyomjua, lakini sauti ikakatika, na mke wangu akiwa kimya ni kioja kikubwa kuliko mke wangu akikimbia. Mwishowe Rimoti akashika kiuno. "Basi mzee, labda alikuwa ana haraka." Nilimwomba aondoke. Chai yake alikuwa ameshamaliza.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, naomba unipatie deki ya nne, yenye kumjua mke wangu. Kama haipo, uwaandikie kiwandani watengeneze kitufe kimoja zaidi, kati ya mwendo wa kawaida na mwendo wa pole, sauti ikiwemo, na kiitwe mwendo wa nyumbani. Kiwanda kikikataa, basi tumeni mjumbe aende kwenye barabara ile akakague kama ina mteremko. Na mteremko usipopatikana, sina budi kuomba wale wataalamu waliogawa dunia wakutane tena waiunganishe kama walivyoikuta. Niko tayari kuwapakia rangi ukumbi wa mkutano bila malipo, isipokuwa sehemu za juu.

Nakuomba ufanye haraka, maana asubuhi ya leo shemeji hakuuliza "bado?" Aliuliza kama kumekucha, na jua lilikuwa usoni kwake.

Mfikishie salamu mlinzi na milango yake yote miwili, dada wa kaunta anayefunga vitu kwa kamba kama anasuka nywele, na Rimoti pia, hata kama tumeachana vibaya. Nyumbani kwako wote nawasalimu.

Ni mimi, mteja wako mara tatu,
Mzee wa Fimbo

Nyongeza: Nilikuwa nalamba bahasha shemeji alipotoka chumbani, akipapasa ukuta, akakaa mbele ya televisheni, pua yake karibu iguse kioo. "Washa," akasema. "Nionyeshe hivyo hivyo ilivyoharibika." Ningefanyaje? Nikawasha. Alimtazama mdogo wake kutoka kule kwenye kona mpaka akapita, kisha akacheka mpaka akajishika mbavu. "Huyo! Ndiye huyo huyo! Tangu mtoto, ukimtuma chumvi anarudi hujamaliza kumwagiza!" Nikamwambia, hapana shemeji, hiyo deki ni mbovu, inamkimbiza. Akanigeukia na yale macho yake. "Deki ina ubovu gani? Mwendo wa taratibu ni wako wewe, shemeji. Mwenzio alikuwa anakusubiri."

Tumeirudia mpaka chakula kikaungua.

Kwa hiyo, Ndugu Meneja, yote niliyoandika hapo juu nayafuta, ila karatasi imeniishia, ndiyo maana unayasoma. Deki ya tatu haibadilishwi. Mwambie Rimoti gari lilikuwa linakwenda kama gari, na chai nyingine ipo. Na kama kiwandani wameshaanza kukitengeneza kile kitufe cha mwendo wa nyumbani, waache. Nilikuwa nacho umri wote, ila sikujua nani alikuwa anakibonyeza.