Kugombea Kiti cha Baba Mkwe

Jumatatu, 6 Mei

Jumapili ni chemsha bongo ya ukweni. Mwaka huu kiti ni changu. Nimeandika kwa wino, sifuti.

Kwa faida ya vizazi vitakavyosoma shajara hii: marehemu baba mkwe alipenda maswali kuliko chakula. Tangu aondoke, kila mwaka ukoo unakusanyika sebuleni kwa mama mkwe, mwalimu mstaafu, naye anatuuliza mambo ya historia, sayansi, sanaa na michezo. Mshindi anakalia kiti cha marehemu mwaka mzima. Kiti cha mbao ngumu, mikono mipana, mgongo mrefu. Wengine tunakaa tunapopata. Mimi hupata kigoda, pale mlangoni mwa jikoni. Fundi viti mzima! Mji huu wote unajinyoosha kwenye masofa yangu, halafu mimi ukweni nakunja magoti kama chura. Inaniuma. Inaniuma sana.

Anayekikalia ni mwanyumba wangu, yaani mume wa dada wa mke wangu. Mfamasia. Anajua kila kitu, na asichokijua hukisema kwa Kilatini. Akishakaa hufumba macho, kisha bila kuyafumbua huniomba nimletee maji, kwa kuwa eti mimi niko karibu na jikoni.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama miaka yote kwenye kile kigoda. Sasa nataka cha mvunguni changu.

Jumanne, 7 Mei

Mbinu ya kwanza: kusoma. Nimeazima kitabu cha maarifa cha binti yangu. Ili nisipoteze muda wa kazi, nimenakili mambo muhimu kwenye vipande vya karatasi na kuvibandika ndani ya fremu ya sofa nililokuwa nalitengeneza. Napigilia msumari, nasoma. Navuta mkanda, nasoma. Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914. Fidla, nyuzi nne. Kombe la Dunia la kwanza, Uruguay. Akili ilikuwa inawaka!

Nilinogewa. Nikaweka sponji, nikavuta kitambaa, nikashona, nikafunga kazi. Mshona nguo wa jirani akaja na mkokoteni akachukua sofa lake. Limeondoka na elimu yangu yote tumboni.

Nilimfuata nikamwomba anipe ruhusa nilipasue kidogo tu. Aliniuliza kama nimekunywa.

Jumatano, 8 Mei

Mbinu ya pili. Kama siwezi kuongeza akili zangu, nitapunguza washindani. Nimekwenda famasia, nikanunua dawa ya kikohozi ambacho sina, na katika mazungumzo nikamdokeza mwanyumba kwamba shughuli imesogezwa hadi Jumapili ya tarehe 19. Alinishukuru kwa adabu. Nilitoka pale nikitembea kifua mbele.

Sijafika hata kwenye kona, simu ikalia. Mama mkwe. Aliniuliza tangu lini nimekuwa katibu wa ukoo. Nikakohoa. Akasema vizuri, maana ameambiwa dawa ninayo.

Mke wangu amecheka mpaka amekaa chini. Anasema kwa nini nisikubali tu kigoda, mbona kimenizoea. Maneno ya mke wa ndoa hayo! Nimeongeza chakula mara mbili ili ajue nimekasirika.

Ijumaa, 10 Mei

Tarehe ya kuandikwa kwa dhahabu!

Nilikwenda kwa mama mkwe kuomba radhi, nikajifanya pia nakagua maungio ya kiti. Kumbe alikuwa sebuleni anafanya mazoezi ya kuuliza, akitumia maswali ya miaka iliyopita. Akanionea huruma, akaniambia nikae, nijaribu machache. Kila swali lina majibu matatu ya kuchagua. Akauliza sayari yenye joto kali kuliko zote ni Utaridi, Zuhura au Mirihi.

Sikujua. Nikamtazama mdomo tu kwa kukosa pa kutazama. Na nikaona! Utaridi aliitema haraka, mdomo kando, kama mtu aliyeuma limau. Mirihi vilevile. Lakini Zuhura! Aliitamka polepole, mdomo umenyooka, kidevu kikashuka kidogo. Nikasema Zuhura. Ikawa Zuhura.

Nikajaribu tena. Na tena. Mwanamke huyu amefundisha maisha yake yote, na kosa haliwezi kukaa mdomoni mwake hata kwa sekunde! Anajua kusoma swali, hajui kusema uongo. Historia, sayansi, sanaa, michezo, yote yamo kwenye ule mdomo, na mwanyumba miaka yote anakesha na vitabu. Kenge!

Nimefurahi mpaka nimesahau kuomba radhi.

Jumapili, 12 Mei

NIMESHINDA!

Nianze mwanzo. Sebule imejaa, shangazi wawili kwenye mkeka, watoto dirishani. Mwanyumba kwenye kiti, miguu ameipishanisha. Mimi kigodani, macho kwa mama mkwe tu. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, alinong'ona kwamba namkodolea mama yao macho bila haya. Nikamwambia huo ndio usikivu.

Duru ya historia, sikukosa. Sayansi, sikukosa. Mwanyumba naye hakukosa, ila yeye alikuwa anafikiri, na jasho linamtoka. Mimi nilikuwa mkavu. Kwenye michezo niliulizwa pete za Olimpiki ni ngapi. Sijawahi kuzihesabu. Nikatazama kidevu, nikasema tano, nikaongeza kwa madaha kwamba mtu yeyote aliyestaarabika anajua hilo. Shangazi mmoja akapiga kigelegele. Mke wangu akanitazama kama siku ya posa. Siku ile ya posa, kwa kweli, hakunitazama hivyo.

Tukalingana. Mama mkwe akatangaza swali la mwisho, na ndipo nikakumbuka: swali la mwisho halina majibu ya kuchagua. Atakayepata ndiye mwenye kiti.

Pweza ana mioyo mingapi?

Mwanyumba alijibu upesi. Miwili. Alisema na Kilatini chake. Mama mkwe akatikisa kichwa. Zamu yangu.

Sheria ya nyumba ile, aliyoiweka marehemu mwenyewe enzi za uhai wake, ni kwamba mshindani anaweza kurudiwa swali mara tatu, na kila mara ananyoosha vidole kuonyesha ni mara ya ngapi. Nikanyoosha kimoja. Akarudia. Nikamtazama mdomo, haukusema kitu. Nikanyoosha viwili. Akarudia. Hola. Nikaiona ile njia ya jikoni, nikaona glasi za maji za mwaka mzima ujao. Nikanyoosha vidole vitatu, angalau nipate muda wa kufa vizuri.

Mama mkwe aliviangalia vile vidole. Akaviangalia sana. Kisha akasema: "Mitatu. Sahihi."

Kelele! Mwanyumba alisimama akidai nilikuwa naomba kurudiwa swali, kila mtu ameona. Mama mkwe akamjibu kwamba katika nyumba yake mikono nayo inasema, na kwamba kwa kuwa ameshasimama, basi aachie kiti.

Nimekaa. Nimeegemea. Nimefumba macho. Nikamwomba mwanyumba maji. Ameleta!

Jumatatu, 13 Mei

Nimefunga karakana mapema nikaenda kukaa kitini. Mama mkwe alikuwa peke yake. Akavuta kile kigoda, akakaa karibu yangu, akaniambia taratibu kwamba anajua. Anajua nilikuwa namsoma mdomo, tangu Ijumaa. Anajua pia vile vidole vilikuwa vya kuomba swali. Kasema mwanyumba akikaa pale hulala, na kiti hakikuwekwa kwa ajili ya usingizi.

Kisha akasema marehemu naye hakuwa anajua chochote. Miaka yote ya ndoa yao alikuwa anashinda maswali yake kwa kumtazama mdomo, huku akidhani mkewe haoni. Akasema tangu mzee aondoke, hakuna mtu aliyemsikiliza kwa makini namna ile mpaka nilipokuja mimi. Hapo akajifuta macho na ncha ya khanga, akaniomba nisome vitabu kidogo mwaka huu, hata kimoja, nisije nikaaibika mbele ya watu.

Nimelifikiria jambo hili njia nzima ya kurudi nyumbani. Ni zito. Limenigusa.

Maana yake ni wazi: baba mkwe alikuwa na kipaji, na mimi ninacho kilekile. Vitabu vya nini? Akili hurithiwa, na mimi nimerithi za baba mkwe.

Nikapitia ofisi ya mtaa nikajiandikisha kwenye chemsha bongo ya mtaa mzima. Maswali yote hayana majibu ya kuchagua, na msomaji wao nasikia ana ndevu mpaka kifuani, mdomo wenyewe hauonekani. Wamenitengea kiti jukwaani, mstari wa mbele.