Fimbo za Kukulia

Jumatatu, 4 Machi

Kitinda mimba wangu ameitwa! Jumamosi kocha wa gofu anachagua timu ya vijana ya klabu, na binti yangu yumo kwenye majaribio. Ameanza likizo iliyopita tu, tena kwa fimbo za kuazima zenye kutu. Wengine wana miaka na bado wanafyeka nyasi. Simtaji mtu. Mtoto wa wifi yangu.

Wifi kasikia, kaja mbio. Eti nisijisumbue, mwanawe ana seti ya zamani ya fimbo za chuma, binti ataazima. Nikazitazama. Vichwa vinene kama sabuni ya mche! Nikamshukuru vizuri, nikamwambia mwanangu hali makombo. Kanuna. Anune tu.

Jumamosi mwanangu atasimama na seti mpya, na nitaichagua mimi.

Jumanne, 5 Machi

Dukani. Muuzaji kauliza mchezaji ana uzoefu gani. Nikasema wa kutosha. Hakuniamini, maana kaniletea yale yale: vichwa vinene, nyayo pana pale chini panapogusa nyasi, mpini mwepesi. Eti hizi ndizo za anayeanza, zinasamehe makosa. Makosa gani? Mwanangu hana makosa ya kusamehewa! Nikanyooshea kidole zile za ukutani, nyembamba kama kisu, zinang'aa hadi unajiona meno. Kasema hizo ni za mabingwa, ukikosa katikati kidogo tu, mkono mzima unauma. Nikasema ndizo hizo hizo.

Kisha urefu. Hapo alikutana na mwenyewe. Nashona sare za shule tangu sijaolewa. Kupima anifundishe nani? Binti wa miaka kumi na minne hashonewi sketi ya leo, huachiwa pindo la mwakani. Nikamwambia aongeze mpini upana wa kiganja. Kasema, mama, fimbo haina pindo. Nikasema ongeza. Akanikumbusha kuwa ikishatengenezwa kwa kipimo hairudishwi. Nikamwangalia tu. Akaongeza.

Alhamisi, 7 Machi

Zimefika! Mwanangu kanikumbatia hadi kilemba kikaanguka. Kisha kashika moja. Kasema, mama, ni ndefu. Nikamwambia atakua. Akauliza: kabla ya Jumamosi?

Baba watoto kachungulia juu ya gazeti, akataka kujua kama ni za kuangulia mapapai. Mwanamume yule hana msaada.

Jioni tulifanya mazoezi nyuma ya nyumba. Fimbo inachimba ardhi kabla ya kuufikia mpira. Kila mara! Sasa tuna tuta zuri la kupandia mboga. Mara moja kaupata mpira, kwa ukingo wa chuma, akaiachia fimbo akipuliza vidole. Machozi yakamlenga. Kasema bora tukaombe zile za binamu yake.

Niende kwa wifi nimeinamisha kichwa? Thubutu! Nimekaza kibwebwe.

Ijumaa, 8 Machi

Nimepata! Fimbo ikimzidi mtoto, unamnyanyua mtoto. Nimepeleka viatu vyake kwa fundi viatu aongeze soli. Kauliza mtoto ana mguu mmoja mfupi? Nikasema iko sawa yote miwili, aongeze kote. Kaongeza mpira wa tairi. Binti kavaa, kawa kama kasimama juu ya stuli, lakini fimbo imekaa! Nikamwambia aone. Kasema anaona mpaka uani kwa jirani.

Jumamosi, 9 Machi

Tulifika wa kwanza. Wazazi wote walitazama mkoba wetu. Nikawaambia, bila kuulizwa, kwamba hizo ni za mabingwa.

Zamu yake. Kapandisha fimbo, kayumba, kateremsha. Kipande cha nyasi kikaruka mbali kuliko mpira. Mara ya pili kaukosa kabisa, soli zikapindana, akakaa chini pwaa! Kocha akavua miwani, akaifuta. Mwanangu hakunitazama. Hilo ndilo lililoniuma. Hakunitazama.

Wifi alikuwa ubavuni kwangu. Nikasubiri acheke. Hakucheka. Basi mdomo huu huu uliojisifu wiki nzima ukafunguka: wifi yangu, zile fimbo ziko wapi? Kasema ziko kwenye buti ya gari tangu asubuhi, maana ananijua. Kazitoa. Akaongeza kwamba zangu nimpe yeye, atazifanya nguzo za kamba ya kuanikia nguo. Nikazipokea zake. Ilibidi.

Mwanangu kavua vile viatu vya ghorofa, kavaa raba. Kashika fimbo nene. Paa! Mpira ukapaa, ukanyooka, ukatua pale pale alipokuwa anaonyesha kocha. Tena. Na tena. Kocha kamwambia aje mazoezini na timu wiki ijayo. Nikapiga kigelegele, mzee mmoja upande wa pili wa uwanja akakosa mpira wake. Wifi nilimkumbatia. Tukalia sote, kila mmoja akisingizia vumbi.

Jumapili, 10 Machi

Nimetafakari. Aliyebeba ndoo kutwa, ukimpa kikombe hukiona unyoya. Zile nene zilimwia rahisi kwa sababu zangu zilishamkomaza. Kwa hiyo aliyemwingiza mwanangu kwenye timu ni mimi. Nimemweleza. Kanibusu paji la uso, kasema asante mama, kisha kaomba aendelee kuazima za binamu yake. Nimemruhusu. Mimi si mtu wa makuu.

Kocha naye kapiga simu. Kwa heshima zote, kasema mambo ya mkoba wa binti sasa nimwachie yeye. Nikakubali.

Ila jana nilipita karibu na mkoba wake yeye kocha, nikachungulia. Vichwa vinene! Nyayo pana! Mtu mzima, mwalimu wa watoto wa watu, anatumia fimbo za wanaoanza! Maskini, pengine hana mama karibu.

Kesho asubuhi, kabla ya kukalia cherehani, napitia dukani. Kimo chake nimeshakikadiria kwa jicho.