Kivuli Kisicho na Kibali

Ilitangazwa rasmi kutoka Matuga, kwa waraka wenye mihuri mitatu, kwamba kivuli kimepitwa na wakati. Kuanzia mwezi huo majani ya mlonge, ambayo watu wa presha huyachemsha na kuyanywa, yangekaushwa kwa oveni ya umeme, dakika arobaini, badala ya kuanikwa siku nne chini ya makuti. Waraka ulitiwa saini na Mkurugenzi Rai wa Idara ya Kuharakisha Dawa za Asili.

Oveni ilikuwa wazo lake. Ikishindwa, angerudishwa kwenye idara ya kusajili mbuzi, na huko alishakaa miaka sita. Kwa hiyo alikwenda Waa mwenyewe kumwarifu Bi Kadzo, aliyekuwa akianika mlonge tangu Rai hajaota meno.

"Shikamoo, Bi Kadzo. Kivuli chako hakina kibali. Banda litafungwa Ijumaa."

"Marahaba, mwanangu. Karibu uketi."

"Sina nafasi ya kuketi."

"Basi nisikilize umesimama. Jani la mlonge halitaki moto mkali. Ukilichoma, nguvu yake yatoka na mvuke, nawe wabaki wanywa rangi tu. Mimi naliosha, nalianika, nalipindua kwa mkono hadi likauke lingali kijani."

"Hizo ni simulizi, bibi. Serikali yataka takwimu."

Takwimu zikatafutwa, na Ijumaa ya kufunga banda ikaahirishwa hadi zipatikane. Watumishi kumi wenye presha, bila kuacha vidonge vyao, walinyweshwa mlonge wa oveni katika ukumbi wa idara, mbele ya Mkurugenzi, aliyezunguka nyuma ya viti akiwahimiza wapone kabla ya tarehe ya ripoti. Kumi wengine walipelekwa Waa kunywa wa kivulini. Issa, muuguzi, aliwapima wote wiki mbili.

Mtafiti Warda akamletea Rai majibu. Presha za Waa zilikuwa zimeshuka. Za ukumbini zilikuwa zimepanda.

Rai akaanza kusikia milio ya mbuzi. "Rudieni! Safari hii badilisheni majani: ya kivulini yaje hapa, ya oveni yaende Waa." Banda la Bi Kadzo likapata wiki mbili zaidi za kuishi.

Zilipokwisha, Warda alisoma ripoti mbele ya watumishi wote na Katibu wa kaunti, Bi Gillian. Mlonge wa kivulini ulikuwa na nguvu kuliko wa oveni kila mahali. Maabara nayo ilikuta viini vingi vya dawa vimeungua katika ule wa oveni. "Lakini hata ule wa Bi Kadzo," akasema, "ukinywewa ukumbini, presha yapanda."

Rai aliruka kwa furaha. "Mwasikia? Kosa si la oveni! Mna kitu humu chawaua watumishi wangu!" Hapohapo akaandika agizo: chochote kitakachobainika kupandisha presha kiondolewe idarani siku hiyohiyo, bila rufaa, na bila kujali kililetwa na nani. Akatia saini, akagonga muhuri, kisha akaona haya kuuacha peke yake, akagonga wa pili.

"Ahsante, Mkurugenzi," akasema Warda, akafungua ukurasa wa pili. Hakuthubutu kumtazama. "Siku tatu ulizokuwa semina Diani, presha za ukumbini zilishuka. Siku ya nne, gari lako lilipoingia langoni, zikapanda. Issa alirudia kupima mara mbili."

Bi Gillian akalivuta lile agizo, akalisoma polepole.

"Saini hii ni yako?"

"Ni yangu, lakini..."

"Umesema bila rufaa." Akaandika chini yake kwamba banda la Bi Kadzo lisiguswe, kisha akamwonyesha Rai mlango kwa adabu kubwa.

Rai alisimama ushorobani akingojea kuitwa arudi. Aliumia, kusema kweli, kwani aliwapenda watumishi wake kwa namna yake. Kutoka ndani akasikia mashine ya presha ikivuma, mara ya kwanza, ya pili, ya kumi.

"Imeshuka, Bi Katibu," ikasema sauti ya Issa. "Kwa wote."

"Leo wamekunywa wa oveni au wa kivuli?"

"Hawajanywa. Maji hayajachemka."