Mimi ni Mtu wa Kendo ya Zamani

Jumatatu, 4 Machi

Habari mbaya. Inasemekana mmoja wetu katika idara ya usajili atahamishiwa tawi la mlimani kuanzia Aprili. Ni mimi au Nagatomi. Tawi hilo lina wafanyakazi wawili, jiko moja la mafuta ya taa, na dubu. Mwaka jana dubu alifika hadi kwenye maegesho ya baiskeli. Mimi huogopa hata mashine ya nakala inapokwama.

Atakayependekeza jina ni mkuu wetu, Bwana Hirayanagi, ambaye anapenda kendo, mchezo wa Kijapani wa kupigana kwa panga za mwanzi, kuliko mshahara wake. Nagatomi alikuwa nahodha wa kendo chuoni. Mimi nilicheza shuleni kwa kulazimishwa. Ninachokumbuka ni harufu ya glavu.

Jumatano, 6 Machi

Tumaini! Wakati wa chakula cha mchana Bwana Hirayanagi alilalamika kwamba kendo ya siku hizi imekuwa michezo tu. Vijana wanarukaruka kutafuta pointi, wanagusa na kukimbia, jicho moja kwenye saa. Zamani, alisema, mtu alipiga pigo moja kana kwamba ameshika upanga wa kweli. Nagatomi aliendelea kutafuna. Nikaona mlango uko wazi.

Nikasema, kwa sauti nzito niliyoitengeneza: "Mimi, Bwana Mkuu, ni mtu wa kendo ya zamani."

Aliweka vijiti vyake vya kulia chakula chini na kunitazama upya.

Jioni nilipitia maktaba. Mambo ni mazuri kuliko nilivyotarajia. Kendo ya zamani ina mafunzo ya upanga wa mti: watu wawili, hatua zilizopangwa, upanga unasimama kabla ya kugusa ngozi. Mshindi anajulikana tangu mwanzo. Hakuna anayepigwa. Nimepata mchezo wangu.

Jumamosi, 9 Machi

Mkuu amenipeleka kwa Mzee Iwakiri, aliyemfundisha yeye mwenyewe. Ana miaka themanini na sita, mdogo, amekunjamana kama plamu iliyokaushwa kwa chumvi. Dakika kumi za upanga wa mti zilipita vizuri kabisa. Kisha akaniambia nivae kinga na kofia ya chuma. Nilimweleza kwa heshima kwamba nilivyosoma, kendo ya zamani haina kupigana.

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Kijana, nani amekudanganya? Mwalimu wangu alikuwa anatukwatua, anatukalia kifuani, anatuvua kofia. Haya ya bendera za waamuzi na saa ndiyo ya salama."

Akanikwatua. Akanikalia.

Aliponiachia alinipa mashauri mawili. Piga kwa moyo wote, sauti itoke tumboni. Na ukishapiga, endelea kumtazama mwenzako kana kwamba bado anaweza kukuua. Hili la pili sihitaji kufundishwa.

Jumanne, 12 Machi

Msiba. Bwana Hirayanagi ametangaza pambano Jumapili, mimi na Nagatomi, mbele ya ofisi nzima. Ya zamani dhidi ya ya sasa! Nagatomi alinikuta kwenye mashine ya chai. "Shikauchi, ndugu yangu, huko mlimani utahitaji kengele ya kufukuzia dubu. Usinunue, nitakupa yangu."

Ijumaa, 15 Machi

Mpango mpya: nimefunga bendeji mkononi. Mkuu aliitazama kwa mapenzi, akasema watu wa zamani nao walipigana wakiwa na majeraha wala hawakulalamika. Baada ya chakula nikaifunga upya. Nagatomi akauliza, kwa sauti ya kusikika mpaka dirisha la vyeti vya ndoa, maumivu yamehama lini kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto.

Jumapili, 17 Machi

Niandike kwa utaratibu.

Waamuzi watatu, Mzee Iwakiri ndiye mkuu wao; bendera nyekundu ni pointi ya Nagatomi, nyeupe ni yangu. Tuliinamiana. Nagatomi alinipiga utosini kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Pigo safi. Bendera tatu nyekundu zikapanda. Naye, mbele ya wasichana wa idara ya kodi, akainua ngumi juu.

Bendera zikashuka. Pointi imefutwa. Katika kendo, ukishangilia pigo, pigo halikuwepo. Nagatomi anaijua sheria hiyo kuliko mimi, lakini furaha ilimshinda mbio.

Akanijia kwa hasira. Nilifumba macho, nikashusha upanga wa mwanzi na kupiga ukelele ambao sikujua ninao. Ulikuwa woga mtupu. Kitu kililia pa! Nikafumbua macho: nimempiga kwenye kifundo cha mkono. Nilimkodolea macho, upanga umeelekea koo lake, kwa sababu niliamini kabisa kwamba sasa ataniua.

Bendera tatu nyeupe!

Nikaruka. Miguu yote miwili.

Bendera zikashuka. Muda ukaisha. Sare, bila pointi.

Mzee Iwakiri alitungoja pembeni. "Mtu uliyemkata bado yuko mbele yako, na wewe unacheza ngoma? Wa zamani na wa sasa, wote mabwege." Nagatomi alikuwa anacheka ndani ya kofia yake. Aliniambia ule ukelele ulimtisha kweli.

Ijumaa, 22 Machi

Majina yametoka. Anayekwenda mlimani ni Bwana Hirayanagi! Aliomba mwenyewe tangu Januari, maana huko kuna ukumbi wa mbao wa zamani na hakuna wa kumsumbua. Nikamuuliza, basi pambano lilikuwa la nini. Akasema alitaka tu kuliona, na kwamba katika miaka thelathini ofisini hajasikia sauti ya kweli kama ule ukelele wangu.

Nilikwenda chooni kufuta machozi. Nagatomi alimkabidhi mkuu ile kengele, kisha akanialika mazoezini kila Alhamisi. Nilikubali kabla woga haujaamka. Nimenunua hata glavu mpya. Bado hazinuki.

Jumatatu, 1 Aprili

Mkuu mpya amefika, Bibi Kuramochi. Kikombe chake cha chai kina picha ya mwanasumo, yule mwanamieleka mnene wa Kijapani. Mchana nilikimbilia maktaba. Inaonekana sumo ya zamani ilikuwa ibada zaidi kuliko mieleka: kurusha chumvi, kupiga mguu chini, kuinama. Chumvi haimuumizi mtu.

Saa tisa nilimpelekea mafaili na kumwambia, kwa ile sauti nzito, kwamba mimi ni mtu wa sumo ya zamani.

Amefurahi sana. Ameniuliza nina kilo ngapi. Dalili njema.