Pazia la Jumba la Bati

Jumatatu, 2 Julai 1956

Baridi kali. Maji ya kunawa yalikuwa na utando wa barafu asubuhi. Lakini mimi nina moto. Mzee Velji, tajiri wangu, amesema sinema yake, Jumba la Bati, inafunguliwa tena!

Historia kidogo, kwa ajili ya wajukuu watakaosoma daftari hili. Jumba lilijengwa mwaka 1936, wakati wachimba dhahabu wa Lupa walipokuwa wakija Mbeya kila mwisho wa wiki, wanatafuta pa kustarehe. Mimi Ezekia nilikuwa mfagiaji, baadaye mkata tiketi. Vita vikaja, dhahabu ikapungua, sinema ikafungwa, jumba likawa ghala la pareto. Mimi nikawa mtunza ghala. Miaka kumi na tano natazama magunia mahali nilipowahi kuona farasi wakikimbia. Inauma, naandika wazi.

Sasa Mzee Velji anajaribu bahati. Onyesho la kwanza ni Jumamosi ya tarehe 14, saa kumi jioni, ili watu wa mbali wawahi kurudi. Viti mia na ishirini. Vikijaa, sinema inabaki. Visipojaa, magunia yanarudi Jumatatu. Na atakayefanya kazi ya kuonekana ndiye atakuwa msimamizi. Msimamizi ana koti jeusi lenye vifungo vya shaba, na ufunguo wa mlango wa mbele.

Koti limetundikwa ofisini. Mzee Velji alipotoka nililijaribu. Mikono mirefu kidogo. Mabega sawasawa.

Ikupa, mke wangu, alisikia habari akaacha kusonga ugali. Aliuliza kama na yeye ataingia. Tangu nimuoe, miaka kumi na miwili, namsimulia wale farasi. Nimemwahidi kiti cha mbele.

Jumatano, 4 Julai

Usafi. Vumbi la pareto limejaa hadi kwenye mbao za dari. Nimepiga chafya arobaini, nikaacha kuhesabu.

Ila nimegundua jambo kubwa. Hakuna kunguni hata mmoja! Pareto imewamaliza wote. Sinema gani Tanganyika nzima inaweza kusema hivyo? Nimeamua vumbi la chini ya viti libaki lilivyo. Ni sifa ya jumba.

Habari mbaya. Fundi wa mashine anatoka Iringa, anaitwa Philbert, na Mzee Velji anasema huyo naye anamfikiria kwa usimamizi. Habari njema: lori lake limeharibika Nyololo. Nimeliombea lipone. Sikuomba lipone haraka.

Ijumaa, 6 Julai

Limepona. Philbert amefika, kalala siku mbili juu ya kasha la mashine akilikinga na ukungu. Kijana mrefu, mpole, anaongea kwa sauti ya chini. Kwa hiyo ni mtu wa hatari.

Hajamaliza hata chai, akapanda juu ya paa. Kasema bati lina matundu ya misumari na mwanga utaharibu picha. Anataka kuziba yote kwa lami. Nikamwambia matundu yale yanapendeza, yanafanana na nyota. Akajibu kwamba kule Iringa nyota wanazitazama nje. Akataka pia vumbi lifagiliwe. Nikamweleza habari za kunguni. Jibu lake lilikuwa chafya.

Nimepewa kazi ya kushona pazia la picha. Philbert anataka kitambaa cheupe cha bafta, tabaka mbili, na nyuma lipakwe chokaa nzito. Tabaka mbili za nini? Picha inapigwa mbele! Nimeshona tabaka moja. Chokaa nimepaka choo, kimependeza.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji huyu anaumwa kichwa.

Jumamosi, 7 Julai

Wacha yeye azibe matundu. Mimi najaza viti.

Nimekwenda Mwanjelwa na kengele, nikapita kwa wauza ndizi, wauza mchele, wasuka mikeka. Nimewaambia wanawake kwamba sinema ya zamani ilikuwa ya wachimba dhahabu walevi, lakini hii ni yao. Damari, muuza ndizi, ambaye akisema neno soko zima linafuata, aliniuliza mara mbili kama ni kweli wanawake wataingia. Nikaapa. Akacheka, akaandikisha jina. Wakafuata wengine. Wanawake sitini, akiwemo Ikupa.

Nusu ya jumba kwa asubuhi moja!

Jumapili, 8 Julai

Baada ya ibada nilisimama nje ya kanisa, mlango wa wanaume, nikawakamata wazee. Nimewaambia ni picha ya farasi na mwizi, na mwizi hapati faida, kwa hiyo ni mafundisho. Wazee sitini wamekubali. Wengine wanaleta mablanketi yao.

Kati ya hao nimemhesabu na Baba yangu, Mzee Anyitike, anayekaa Tukuyu. Niliandika Tukuyu tangu Jumatatu, na leo mchungaji kaniletea jibu. Anakuja Alhamisi. Atafikia Iyunga kwa mdogo wake, kama kawaida, maana kwangu yupo mkamwana. Kwetu Wanyakyusa baba mkwe na mkamwana hawaonani uso. Baba akitokea njiani, Ikupa huacha njia na kugeuka. Hata kanisani kila mmoja ana mlango wake. Miaka kumi na miwili sasa, na wanaheshimiana sana.

Basi, tuache hayo. La maana ni hili: sitini na sitini ni mia na ishirini. Jumba limejaa. Philbert amejaza nini? Matundu.

Jumatano, 11 Julai

Mungu wangu.

Jioni nilimwonyesha Ikupa majina yote. Alisoma ya wanawake, akasoma ya wazee, akaniuliza taratibu, kwa jina la mtoto wetu: "Baba Tusajigwe, hawa watakaa wapi?" Nikamwambia kwenye viti. Akaweka kidole kwa Damari, halafu kwa mzee wa pili kwenye orodha. Baba mkwe wake Damari. Akaendelea hivyo hadi mwisho wa karatasi. Halafu akaweka kidole kwa jina lake mwenyewe, na kwa jina la Baba.

Nilihesabu vichwa. Sikuhesabu ndoa.

Kufika usiku habari zilikuwa mji mzima. Damari katuma neno kwamba wanawake hawawezi kuja kuwavunjia heshima wakwe zao. Wazee nao wametuma neno kwamba hawawezi kuwaaibisha wake za watoto wao. Kila upande, kwa heshima kubwa, unamwachia mwenzake. Kwa hiyo hatakuja mtu.

Ikupa alisema tu kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni, akalala akiwa amegeukia ukutani.

Alhamisi, 12 Julai

Mipango ya leo.

Wa kwanza: kugawa jumba katikati kwa ukuta wa magunia ya pareto. Nimepanga magunia kumi na tano. La kumi na sita limepasuka. Mzee Velji aliingia wakati huohuo, akatoka machozi yakimtiririka. Akasema kama hamu yangu ni ghala, ghala lipo, nisubiri Jumatatu.

Wa pili: wanawake wajifunike mablanketi gubigubi tangu mwanzo hadi mwisho. Ikupa kajibu kwamba hakungoja miaka kumi na miwili kuja kutazama ndani ya blanketi.

Jioni nilimwendea Baba Iyunga. Amevaa koti lake la harusi. Aliniambia nisisumbuke, atarudi Tukuyu kesho, ili mwenzangu aende kutazama picha. Kasema yeye ni mzee, ameshaona mengi. Nilipofika nyumbani, Ikupa naye kasema atabaki, ili Baba akatazame, maana ametoka mbali.

Sikula. Nilikaa jikoni nikiwaonea huruma wote wawili. Kidogo na mimi mwenyewe, kwa sababu ya koti.

Ijumaa, 13 Julai

Naandika nikiruka mistari. Ni furaha.

Philbert alijaribu mashine saa nne asubuhi. Tulitundika pazia langu. Kamba nilifunga mwenyewe, fundo la magunia, linalofunguka kwa mvuto mmoja. Akaligusa pazia kwa vidole, akaniuliza tabaka la pili liko wapi. Nikakohoa. Akawasha.

Farasi! Walewale, au ndugu zao. Nililia.

Mara tukasikia sauti nyuma ya pazia. Ni Ikupa, alikuwa akifagia chumba cha nyuma, tulikokuwa tunapakulia magunia. Chumba kipana, kina mlango wake wa nje, na upande wa jumba hakina ukuta ila pazia. Alikuwa amesimama na ufagio mkononi, mdomo wazi. Picha imepenya bafta yote. Yeye anawaona farasi vizuri kabisa kutoka upande wa pili!

Philbert alizunguka nyuma, akatazama, akarudi. Alisema kule Iringa hajapata kuona kitu kama hiki. Ikupa akasema: wazee waingie mlango wa mbele, wakae mbele. Wakamwana waingie mlango wa nyuma, wakae nyuma. Katikati pana kitambaa, hakuna uso utakaoona uso. Viti sitini huku, sitini kule.

Nimekimbia Iyunga kumzuia Baba, nimemkuta tayari amefunga mzigo. Nimekimbia Mwanjelwa kwa Damari. Nimekimbia kwa Mzee Velji, nikamweleza wazo langu. Alisema ni wazo zuri sana.

Jumamosi, 14 Julai

Siku kuu ya maisha yangu, ukiacha dakika tatu.

Saa tisa na nusu wazee wameshakaa mbele, mablanketi mabegani, Baba mstari wa kwanza. Nyuma wanawake wamevaa kanga mpya, wananong'ona. Hakuna kiti kitupu. Philbert akazima taa, jumba likawa jeusi kama ndani ya chungu. Akawasha mashine.

Siwezi kueleza. Mwizi aliiba farasi, mwenye farasi akamfukuza, wazee wakainuka wakitoa ushauri. Nyuma nako kukapigwa vigelegele. Na chafya! Mmoja huku, mmoja kule, kama wanajibizana. Lakini hakuna aliyejikuna. Nilisema mimi.

Sasa, katikati ya raha ile, niliwaza: hakuna anayejua ni nani aliyefanya haya yote. Nikapanda jukwaani nisimame kidogo mbele ya pazia, kivuli changu kionekane. Mguu ukaingia kwenye kamba. Mvuto mmoja.

Pazia likaanza kushuka.

Kabla halijagusa sakafu, Philbert alizima mashine. Giza. Na matundu yote juu yamezibwa, hapana hata nyota moja. Nilikuwa chini ya bafta nikisikia viti mia na ishirini vikikwaruza sakafu, kila upande ukigeuka kuupa mwingine mgongo. Halafu kimya. Nikajua nimeaibisha mji, Baba na mke wangu kwa pamoja.

Baba akapiga chafya.

Nyuma gizani mtu mmoja akacheka. Nikamjua. Ni Ikupa, alijaribu kujizuia akashindwa. Damari akafuata, halafu wazee, halafu jumba zima, migongo imeelekezana, wanacheka hadi bati linaitika. Nikasikia mikono ya wanawake ikipapasa, wakaninyang'anya pazia, wakalivuta juu na kulifunga kwa kanga zao. Fundo la kubebea mtoto mgongoni, halifunguki. Philbert aliuliza kutoka juu, kwenye mashine yake, kama wamemaliza. Ikupa akajibu, "Tayari, kaka. Washa."

Wakatazama hadi mwisho. Walipotoka, ugomvi. Wazee wanasema mwizi alikimbilia kulia. Wanawake wanaapa alikimbilia kushoto. Wote wamesema watarudi Jumamosi ijayo kuhakikisha.

Nilimsindikiza Baba hadi Iyunga. Njiani aliniuliza ni nani aliyecheka wa kwanza gizani. Nikamwambia. Akasema, "Miaka yote hii sikuijua sauti yake. Mwanangu, mwenzako anacheka vizuri." Nilipomweleza Ikupa, alijifunika kanga usoni, na chini ya kanga alikuwa anatabasamu.

Jumatatu, 16 Julai

Magunia hayarudi! Mzee Velji ametuita.

Koti jeusi na ufunguo wa mbele: Philbert. Mikono imemtosha. Ufunguo wa mlango wa nyuma: Ikupa, kwa sababu Philbert alieleza wazo lilitoka kwa nani. Kijana wa hatari, nilisema tangu mwanzo. Mimi nimepewa kukata tiketi na kufagia, kama mwaka 1936. Nianze na vumbi la chini ya viti.

Ikupa amelala na ufunguo chini ya mto. Nina furaha kwa ajili yake. Nimeandika mara moja, inatosha.

Jumanne, 17 Julai

Nimepata wazo! Mzee Velji atajuta kunipa ufagio.

Jumamosi, kabla ya onyesho, nitaandaa chai ya pongezi uwanjani, mchana kweupe. Meza moja ndefu. Wazee wote waliokuja watakaa upande huu, wanawake wote upande ule, watazamane vizuri na kushukuriana. Baba nimemweka mbele kabisa, na Ikupa mkabala naye, mahali pa heshima. Barua za mwaliko nimeshazigawa zote, isipokuwa ya Ikupa.

Safari hii sikuharakisha. Nimehesabu vikombe mara tatu: mia na ishirini. Nimehesabu sahani, mabenchi na maandazi. Hakuna nilichosahau.

Ikupa ananiuliza natabasamu nini peke yangu. Nimemwambia atajua Jumamosi.