Benki Imekataa Kunitukana

Jumatatu, 4 Agosti

Kinyozi wa ng'ambo ya barabara amenunua kiti kipya. Cha kuzunguka! Kina kiegemeo cha kichwa na mguu wa chuma unaong'aa. Nimemuuliza fedha kazitoa wapi, akasema kalipwa na benki. Nikacheka. Benki imlipe nani? Hawa hata kalamu ya wateja wameifunga mnyororo.

Kumbe kweli. Mwaka jana alichelewesha rejesho la mkopo, mkusanya madeni akampigia simu mama mkwe wake kumwambia kuwa mkwe wake ni tapeli. Akaendelea kumtukana kinyozi wiki nzima. Kinyozi akarekodi kila tusi, akalipeleka ofisi ya malalamiko ya wateja wa mabenki. Benki ikapigwa faini, kinyozi akalipwa fidia. Kwa kutukanwa! Mimi nimetukanwa bure maisha yangu yote.

Nami nina mkopo benki hiyohiyo. Niliuchukua ninunue mashine ya fotokopi ya kibandani, ambayo kila karatasi inaichora mstari mweusi katikati. Nimechelewesha marejesho matatu. Sasa naona kumbe sikuchelewesha. Niliwekeza.

Jambo moja dogo. Dhamana ya mkopo ni friza ya mke wangu, ile anayogandishia barafu ya kuuza. Yeye hajui. Sijamficha, ila nafasi ya kumwambia haijapatikana, huu mwezi wa kumi na nne.

Jumanne, 5 Agosti

Saa tatu asubuhi, simu ya benki. Nikabonyeza kitufe cha kurekodi, nikajikaza nitukanwe.

Sauti laini kabisa. Ikanisalimu, ikaniuliza nimeamkaje na familia haijambo. Akasema yeye ni afisa mpya wa madeni na amefurahi mno kunifahamu. Marejesho akayagusia mwishoni, kwa aibu, kama mtu anayeomba chumvi. Nikamwambia silipi. Akasema ananielewa. Nikamwambia benki yao ni genge la wezi. Akanishukuru kwa maoni.

Kinyozi ananiambia kuwa baada ya ile faini, benki iliwapeleka wafanyakazi wote mafunzo ya adabu. Yule mkali kahamishiwa stoo ya mafaili. Yaani kinyozi amefaidi matusi yote, mimi nimebakiziwa adabu! Huyu mpya nimemwita Asali.

Amepiga tena saa sita, saa tisa na saa kumi na moja. Kuniuliza mchana unakwendaje.

Alhamisi, 7 Agosti

Asali anapiga mara nne kwa siku na hajateleza hata neno moja. Leo nimefunga kibanda, nimemfuata hukohuko. Simu mfuko wa shati, inarekodi.

Alipoinuka kunipokea, nikakaa kwenye kiti chake. Akaniletea mto wa mgongoni. Nikamwambia tai yake inafanana na ulimi wa ng'ombe. Akasema hata mke wake ameona hivyo. Nikapiga meza kwa ngumi, chai yake ikamwagikia mafaili. Mlinzi akasogea, Asali akamwashiria atulie. Akasema mteja anapitia kipindi kigumu. Kisha akanipa kitambaa nifute mkono.

Nimerudi na kalenda ya ukutani na maumivu ya ngumi. Nimesaini pia fomu mbili, sikuzisoma. Nadhani ni za kukiri kwamba nimehudumiwa vizuri. Ningekataaje, wakati mto ulikuwa bado uko mgongoni?

Jumamosi, 9 Agosti

Barua. Karatasi nzito, nembo ya dhahabu. Asali anaandika kwa unyenyekevu mkubwa kwamba Ijumaa ijayo, saa nne asubuhi, benki itapata heshima ya kufika nyumbani kwangu kuichukua friza. Chini yake amenitakia mapumziko mema ya wikendi.

Mke wangu alikuwa palepale, anapanga mifuko ya barafu, friza inanguruma. Akauliza barua ya nini. Nikasema tangazo. Friza ile ilimgharimu miaka mitatu ya kufua nguo za watu. Ada za watoto zinatoka mle. Kodi inatoka mle. Hata nauli yangu ya kwenda kumchokoza Asali ilitoka mle.

Nimeogopa, nakiri. Nimeogopa dakika kumi nzima. Halafu nikapata wazo.

Ikiwa benki haitaki kunitukana, atanitukana mwingine kwa niaba yake. Nikilipwa fidia nafuta deni, friza haitoki, mke hajui. Sijui kwa nini watu wanaajiri wanasheria.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeenda kwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Huyu ananadi mitumba sokoni na sauti yake haihitaji kipaza. Nikamwomba anipigie simu ajifanye mtu wa benki, anitukane dakika tatu. Nilidhani atasita. Akauliza tu kama kuna kikomo.

Nikamwandikia maneno: mdaiwa sugu, mbumbumbu, mtu usiye na haya. Ikabidi nimweleze na habari ya friza, aitaje, maana lalamiko lisilo na dhamana halina uzito. Akaikunja karatasi yangu, akaitia mfukoni. Akasema sawa.

Saa nane akapiga. Karatasi yangu alisoma mstari mmoja tu, kisha akaenda mwenyewe. Dakika kumi na moja! Sikuyasikiliza yote, mteja alikuwa anasubiri kopi za cheti, nikaiacha simu mezani. Niliporudi alikuwa bado anatiririka. Kipaji cha ukoo ule.

Jumatatu, 11 Agosti

Ofisi ya malalamiko. Karani ni mama mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, haamini mtu. Kaniambia niache simu yenye rekodi. Kadai na taarifa ya akaunti kutoka benki, nikaenda kuichukua. Nikampelekea na barua zao zote za nyuma, ambazo nilikuwa nazitumia kujaribia mashine, upande wa nyuma zina mstari mweusi.

Fomu ikauliza namba ya mtu wangu wa karibu. Nikaandika ya mke wangu. Fomu ikiuliza unajibu. Sikudhani kuna ofisi inayopiga namba zile.

Jumatano, 13 Agosti

Wanapiga.

Nilipoingia, mke wangu alikuwa amekaa kwenye benchi la wageni. Amevaa aproni, vidole bado vimekunjamana kwa maji ya barafu. Akaniuliza ninaumwa nini, maana kaambiwa aje haraka kwa shauri la mumewe. Karani akatuita wote wawili, akawasha simu yangu.

"Wewe mdaiwa sugu!" ikanguruma simu.

Mke wangu akageuza shingo polepole. Sauti ile anaijua tangu hajaota meno.

Benki ikanidai ngazi niliyoazima miaka miwili iliyopita. Benki ikasema siku ya kuhamisha kabati nilijifanya mgongo umekatika, na bado nikala sahani tatu. Benki ikauliza ni mwanamume gani huyu anayefukuzwa na mkewe, akaenda kulala sebuleni kwa shemeji yake wiki mbili, na rimoti ya televisheni akaishika yeye. Nilimwambia karani kwamba benki siku hizi wanachunguza sana wateja wao. Karani akaniinulia kidole.

Kisha dakika ya saba. "Friza ya dada yangu umeiweka rehani bila yeye kujua! Dada yangu aliyefua mpaka mikono ikatoka ngozi! Huna haya?" Hapo sauti ikamkatika. Hakuwa anaigiza. Akapumua, na kwa mazoea tu ya kazi akamalizia: "Bei ya mwisho hiyo, chagua mwenyewe, usiondoke!"

Karani akavua miwani. Akauliza benki ina dada wangapi.

Mke wangu hakupiga kelele. Natamani angepiga. Akaniuliza swali moja, taratibu: kwenye fomu ya mkopo, saini yake niliiga? Nikasema ndiyo, ila niliiga vizuri. Hakucheka. Akatazama mikono yake. Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Naiandika kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu.

Karani akasema lalamiko la uongo ni kosa, na kuiga saini ni kosa kubwa zaidi, na kituo cha polisi kiko mlango wa tatu. Nikaanza kuomba maji. Mke wangu akamwomba, kabla ya kufika huko, aziangalie zile karatasi za benki. Yeye ndiye aliyezigeuza upande wenye maandishi. Mimi sikuwahi.

Karani akavaa miwani tena. Akasoma. Akaacha kabisa kunitazama mimi.

Kumbe kila simu ya Asali ilikuwa na bei! Ada ya kukumbushwa, simu kumi na tisa. Kuulizwa nimeamkaje, ada. Kiti chake: ada ya ushauri. Mto, umeandikwa huduma maalumu. Barua yenye nembo ya dhahabu, ada ya uandishi. Kitambaa cha kufutia mkono kimo! Ada zilikuwa zimepita marejesho yote matatu, na zile fomu mbili nilizosaini ndizo zilizobariki wizi huo. Wiki nzima nilikuwa napakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, na mafuta nanunua mwenyewe.

Na friza, akasema karani, benki hairuhusiwi kuipokea bila kumwita mwenye mali na kumwona kwa macho. Haikumwita, wala hairuhusiwi kuja kuichukua kwa barua tu. Hili sasa, akasema, ndilo lalamiko. Nikamwambia ndilo nililokuwa namaanisha tangu mwanzo. Wote wawili wakaniambia ninyamaze.

Mke wangu akakubali habari ya saini isipelekwe polisi. Karani akaifuta rekodi ya shemeji mbele yangu na kusema amefanya hivyo kwa ajili ya mama huyu, si kwa ajili yangu.

Ijumaa, 15 Agosti

Saa nne kamili Asali kafika na gari na wapagazi wawili. Mke wangu kasimama mlangoni na barua ya karani ya kuzuia. Sikuwahi kumwona mrefu vile. Asali akaisoma, akaomba radhi kwa usumbufu, akasema amefurahi mno kumfahamu.

Mke wangu akamuuliza kusema hivyo ni bei gani.

Asali akakosa neno! Mimi nimehangaika wiki nzima, yeye kammaliza kwa swali moja. Wapagazi walicheka mpaka wakaegemea gari. Friza haijatoka. Nikamwambia mke wangu tumeshinda. Akasema yeye ameshinda, mimi nibebe godoro nipeleke sebuleni.

Jumanne, 26 Agosti

Uamuzi umetoka. Benki ifute ada zote, iiachie friza na ilipe fidia. Nilinyoosha shati, nikachana nywele, nikaenda kuchukua hundi.

Hundi ina jina la mke wangu! Karani anasema aliyedhulumiwa ni mwenye mali. Nimeigeuza nyuma, hakuna jina lingine. Mimi nimebaki na marejesho yangu matatu, ambayo ni deni halali, na natakiwa kuyamaliza mwisho wa mwezi kwa fedha za kibanda changu. Mke wangu kasema barafu haichangii hata senti. Anaagiza friza ya pili, na stakabadhi zake zitakaa kwa shemeji.

Sawa. Nimetulia. Mtu mzima anajifunza kutokana na mambo.

Jumatano, 27 Agosti

Nimepekua daftari la kibanda. Kinyozi ananidai? Hapana, mimi ndiye ninayemdai! Vipeperushi mia tatu vya kutangaza kile kiti chake. Anakataa kulipa eti mstari mweusi umepita katikati ya uso wa mteja kwenye picha. Kisingizio hicho.

Nimekaa mchana kutwa kumwandalia ankara. Ada ya kukumbushwa. Ada ya kutembelewa. Ada ya mimi kukasirika. Nimeichapa vizuri, mstari umepita kwenye jumla tu. Halafu nimempigia mwenye nyumba wake, na shangazi yake, na mteja wake mmoja mwenye cheo, nikawajulisha ni mtu wa namna gani. Wote wameshtuka. Nimemwongezea ada ya simu tatu.

Ijumaa, 29 Agosti

Leo nimemkabili. Saluni imejaa, mmoja ana povu nusu kidevu. Nikasimama katikati na kumwita kinyozi tapeli, mwizi wa jasho la wanyonge, nikamwambia kwamba nikirudi natoka na kile kiti.

Nilitegemea ugomvi. Kumbe kinyozi ana adabu zake! Hakupandisha sauti hata kidogo. Akaegemeza simu yake kwenye kopo la poda, akaniomba nisogee kwenye mwanga. Akaniomba nirudie neno tapeli, kwa sababu lori lilikuwa linapita. Nikarudia. Akataka nimsomee ankara yote, ada moja moja, nikamsomea. Akauliza na majina yangu kamili, nikamtajia yote matatu na anwani ya kibanda.

Hakunilipa leo. Ila amenihakikishia kwamba Jumatatu asubuhi suala langu atalipeleka mwenyewe ofisini, na kwamba mahali penyewe napajua. Nimerudi nyumbani kifua mbele. Katika barabara hii nzima, hatimaye nimepata mtu mmoja anayenisikiliza mpaka mwisho.